Chakula Kibichi Safarini

Wengi wetu husafiri kikazi kutoka Mombasa hadi Nairobi, na basi lisimamapo Mtito Andei, nyama ya hotelini hatujui imechinjwa na nani. Kwa kuepuka shaka hiyo, wako dada zetu walioamua kula vibichi tu: matunda, mboga na njugu. Uamuzi huo ni mwema, ila una masharti yake.

Hatari haimo katika tunda, bali katika kisu, maji na mikono iliyolikata. Kipindupindu na homa ya matumbo hupitia hapo. Basi na tuchukue vyenye maganda, kama ndizi, machungwa na maembe, tuvimenye wenyewe baada ya kunawa. Tikiti lililokwisha kukatwa njiani tuliache, na kachumbari ya hotelini vilevile. Matango na karoti tuvioshe nyumbani kwa maji safi, tuvifungashe vikiwa vizima. Tende hustahimili joto la safari nzima.

Tena si kila kibichi huliwa. Muhogo mchungu una sumu, na maharagwe mekundu yasiyochemshwa sawasawa hudhuru tumbo.

Safari ya siku mbili haina neno. Lakini anayeishi hivyo miezi na miezi akumbuke kwamba vitamini B12, ambayo mwili huihitaji ili kutengeneza damu, haipatikani katika matunda wala mboga. Mjamzito na anyonyeshaye wamwulize daktari kwanza, kwani chakula chao si chao peke yao.

Mola atufikishe salama.