Barua ya wazi: Koleo pekee

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Yah: Kompresa ya chumba cha meno

Mwandishi wa barua hii unamfahamu: ni yule daktari wa meno aliyejitolea hospitalini kwako miezi 18 bila mshahara, akakuletea barua 4 kuhusu kompresa. Hospitali haitajwi hapa, kwa adabu tu. Wewe utajijua.

Kompresa iliungua katika wiki ya tatu ya daktari huyo kazini. Huenda kwako ni mashine ya kupuliza upepo. Kwa daktari wa meno ndiyo inayozungusha dril, na bila dril jino halichongwi wala mzizi hautibiwi. Kinachobaki ni ganzi na koleo. Basi aling'oa. Alimng'oa mwanafunzi wa kidato cha pili gego ambalo lingezibwa kwa nusu saa. Alimng'oa mama ntilie jino la mbele. Aling'oa, akang'oa, hadi wagonjwa wakampa jina la Koleo.

Utasema ipo njia ya kukwangua jino kwa vifaa vya mkono na kuliziba bila dril. Ni kweli, tena ilijaribiwa hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Saruji yake ya kuzibia jino iliombwa kwenye barua ya pili.

Kutibu mzizi ni kazi ya vidole. Chuoni alijifunzia kwenye meno yaliyokwisha kung'olewa, akitafuta mfereji mwembamba kama uzi; masomo yalichukua miaka 5, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Vidole visipoutafuta mfereji huo miezi 18, vinasahau.

Vilisahau mbele za watu. Kliniki moja binafsi ilimwita kwenye usaili wa vitendo: atibu mzizi wa gego la chini. Mkono ukasita. Akaulizwa mara ya mwisho alitibu mzizi lini, akasema ukweli. Nafasi ikaenda kwa mwingine.

Mkopo wa masomo kutoka Bodi ya Mikopo nao unasubiri. Sheria inakata asilimia 15 ya mshahara. Ya sifuri ni rahisi kukokotoa.

Gari la ofisi lilipopasuka kioo, fundi alifika siku ileile. Hongera kwa hilo. Ila kosa si lako peke yako. Viti vya meno huzinduliwa kwa utepe na picha, halafu bajeti ya fundi wa vifaa tiba haionekani popote, na kijana aliyesomeshwa kuokoa meno anageuzwa mng'oaji. Kisha tunashangaa wanaouza vipuri vya simu wana shahada.

Mwandishi haombi fidia. Anaomba kompresa itengenezwe kabla daktari mwingine wa kujitolea hajapangiwa chumba hicho. Iko nyuma ya mlango, imefunikwa shuka la wodini. Barua zote 4 zina muhuri wa masijala yako.