Mazungumzo ya Doha na bati la Walikale

Hapa Doha tumezoea misafara ya wakubwa, nasi tukingoja barabara ifunguliwe. Tarehe 18 Machi 2025 wageni walikuwa Rais Tshisekedi wa Kongo na Rais Kagame wa Rwanda. Kesho yake wapiganaji wa M23 wakaingia mji wa Walikale, Kivu ya Kaskazini.

Barazani tukaulizana, Walikale kuna nini? Kuna bati. Si mabati ya kuezekea, ambayo ni chuma kilichopakwa zinki, bali bati lenyewe, lile aliyeyushalo fundi redio katika lehemu yake. Mgodi wa Bisie, wilayani humo, hutoa takriban asilimia 6 ya bati la dunia. Kampuni ya Alphamin ilikuwa imekwisha kuusimamisha siku chache kabla, na bei ikapanda.

Siku hizi bati lina kazi nyingine. Chipu za kisasa kabisa, kama zilizomo katika simu za wajukuu wetu, huchorwa kwa mwanga wa urujuanimno wenye mawimbi ya nanomita 13.5, mwanga ambao hata hewa huumeza, hivyo mashine hufanya kazi ndani ya ombwe. Kwanza watafiti waliutafuta kwa cheche: walipitisha umeme mkali katika gesi ya zenoni, baadaye katika mvuke wa bati, mpaka ikawa plasma inayong'aa. Mwanga ulitoka, lakini joto lilizitafuna elektrodi na nguvu haikuwatosha wenye viwanda. ASML ya Uholanzi ikashika njia nyingine, matone ya bati 50,000 kwa sekunde, kila moja likipigwa leza. Njia ilibadilika, bati likabaki.

Nilikuwa karani, na karani hujumlisha kabla ya kulaumu. Matone hayo ni kidogo mno. Bati jingi huishia kwenye lehemu. Asikudanganyeni mtu kwamba mashine za Uholanzi ndizo zilizoleta vita Kivu.

M23 waliondoka Walikale mwanzoni mwa Aprili, na mwezi huohuo mgodi ukaanza kurudi kazini. Tamko la kanuni lilitiwa saini hapa Doha tarehe 19 Julai, na mkataba wa mfumo wa amani tarehe 15 Novemba. Bati lilitangulia. Kila nisomapo taarifa za mazungumzo hayo, natafuta mambo mawili: nani atalinda njia ya mgodini na kutoza ushuru wake, na waliokimbia watarudi lini makwao.