Foto za wafu wetu: tuzigeuze ukutani ao tuzisome?

Ndugu msomaji, katika vikao vya mila watu wanapenda kuongea juu ya ngoma, juu ya mahari, juu ya majina ya ukoo. Ni vema. Lakini kuna jambo moja linalotuchoma roho, na leo tunalisema wazi hata kama wengine watanuna. Ni jambo la zile foto za zamani zinazoogopesha: baba anayeangalia mkono na mguu wa mtoto wake, kijana asiye na viganja, mtu wa meno yaliyochongwa anayeshika nyani mikononi. Kila mtu amekwisha kuziona. Ni wangapi wanajua zinasema nini?

Tuanze na yaliyotupata sisi wenyewe. Siku ya sikukuu ya utamaduni, katika shule moja ya sekondari, wanafunzi wetu walitundika ukutani foto ya Nsala. Walikuwa wameandika jina lake chini, kwa herufi kubwa. Mbele ya saa sita wazazi wakaanza kulalamika. Mama mmoja akasema: « Mwalimu, ile foto inaita wafu. Mutoto wangu hatalala leo. » Papa mwingine akasema: « Juu ya nini munatuonyesha haya yetu mbele ya wageni? » Kisha mkubwa mmoja akaamuru foto igeuzwe, uso kwa ukuta. Ikageuzwa. Ikabaki vile siku nzima, kama mtoto aliyepewa malipizi.

Walioamuru vile walisema wanalinda mila. Sisi tunasema: hapana. Walichofanya si mila. Na tutaonyesha sababu.

Kwanza, huyu Nsala ni nani? Alikuwa mtu wa kijiji cha Wala, upande wa Baringa, katika Ekweta. Nchi yetu wakati ule ilikuwa mali ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, tangu mwaka wa 1885, na watu wakaiita ile serikali Bula Matari. Misitu ya Baringa ilikuwa chini ya kampuni ya ABIR, na kila kijiji kililazimishwa kuleta mpira wa pori, kipimo kwa kipimo. Katika mwezi wa tano wa mwaka 1904, walinzi wa kampuni walishambulia kijiji juu mpira haukutosha. Waliua mke wa Nsala, aliyeitwa Bonginganoa, na binti yake Boali, mtoto wa miaka kama mitano. Nsala akafunga katika majani kile kilichobaki cha mtoto wake, mkono mmoja na mguu mmoja, akavileta kwa wamisionari wa Baringa ili waone kwa macho yao. Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari, akamwomba akae barazani, akapiga foto.

Msomaji, angalia vizuri jambo hili. Nsala hakukutwa njiani kwa bahati. Alikuja. Alibeba ushahidi kwa mikono yake, akatembea nao, akaufunua. Katika ile foto yeye ni mshitaki. Sasa sisi, wajukuu, tunageuza uso wake kwa ukuta na kusema tunamheshimu! Ni heshima ya namna gani hiyo, kumfunga kinywa mtu aliyekuja kusema?

Jambo la pili ni kosa ambalo sisi walimu pia tulilifanya, na tunaungama. Kwa miaka mingi tulifundisha darasani hivi: « Aliyeshindwa kuleta mpira, alikatwa mkono. Ilikuwa azabu. » Wanafunzi waliandika katika kaye zao, na sisi tuliweka alama. Lakini si vile kabisa. Askari wa Force Publique na walinzi wa makampuni walipewa risasi kwa hesabu. Wakubwa wao waliogopa kwamba watazitumia kuwinda nyama. Basi kwa kila risasi iliyotumika, askari alipaswa kuleta mkono wa kuume wa mtu aliyeuawa. Mkono ulikuwa kama risiti. Askari aliyekosa shabaha, ao aliyepiga nyama porini, alitafuta mkono fasi ingine, hata kwa mtu mzima wa afya.

Utauliza: tofauti ni nini? Mkono ni mkono. Tofauti ni kubwa sana. Ukisema azabu, unafikiri juu ya askari mmoja mwenye roho mbaya, mwenye hasira. Ukisema risiti, unaona ofisi, unaona kitabu cha hesabu, unaona karani anayehesabu risasi zilizotoka na mikono iliyoingia. Mauaji yale yalikuwa na utaratibu, na utaratibu ule ulikuwa na mabwana wake Ulaya waliopokea faida. Hadisi ya azabu inawaficha. Na kuna baya zaidi: inamwachia mtoto mawazo kwamba aliyekatwa alikuwa na kosa fulani. Mtoto anatoka darasani akisema: « Kumbe hawakutumika vizuri. » Ndiyo matunda ya foto isiyosomwa.

Kuna foto ingine ya vijana wawili wa Ekweta, Mola na Yoka. Mola amekaa, Yoka amesimama. Watu wanaona mikono isiyokuwepo na kusema: « Wote walikatwa. » Hapana. Mola alifungwa kamba na askari, wakakaza mno mpaka mikono yake ikaoza. Yoka ndiye aliyekatwa mkono wa kuume, na askari waliotaka ahesabiwe kama mtu aliyeuawa. Angalia: vijana wawili, foto moja, mateso mbalimbali. Kijana mmoja aliharibiwa na kamba ya kumlazimisha; mwingine aliandikwa katika hesabu ya wafu akiwa mzima. Ukiwafunika wote kwa neno moja, umewaua mara ya pili.

Tuje kwa foto ya tatu, ambayo inagusa mila yenyewe. Ni ya Ota Benga, mtu mfupi wa misitu yetu. Familia yake iliuawa na Force Publique, yeye akaangukia mikononi mwa wauza watumwa. Mmarekani aliyeitwa Samuel Phillips Verner akamnunua, akampeleka kwenye maonyesho ya St. Louis katika mwaka wa 1904. Katika mwezi wa tisa wa mwaka 1906 akawekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ndani ya nyumba ya nyani. Foto inamwonyesha ameshika nyani mdogo. Wapigaji foto walipenda sana meno yake, juu yalikuwa yamechongwa yakawa na ncha. Wakawaambia watu: « Ni mla watu. »

Wazee wetu wanajua ukweli. Kuchonga meno kulikuwa desturi katika makabila mengi ya Kongo. Ilikuwa urembo, ilikuwa alama ya watu wako, sawa na chale za uso. Desturi ya heshima ikageuzwa kuwa ushahidi wa unyama, kwa sababu tu maneno ya chini ya foto yaliandikwa na mtu mwingine. Wachungaji weusi wa Amerika ndio waliopiga kelele mpaka Ota Benga akatolewa pale. Lakini hakuona tena kwao. Katika mwezi wa tatu wa mwaka 1916, mjini Lynchburg, alijipiga risasi. Na wenye ile bustani waliomba radhi lini? Katika mwaka wa 2020. Miaka zaidi ya mia moja.

Sasa tunawauliza wale wanaosema kwamba foto hizi ni haya yetu: haya ni ya nani hapo? Ni ya mtu aliyekuwa ndani ya ukuta wa chuma, ao ya maelfu waliolipa nauli kuja kumcheka? Katika mwaka wa 1897, pale Tervuren, karibu na Bruxelles, Wakongomani 267 waliletwa kwa maonyesho ya Leopold, wakawekwa katika vijiji vya kuigiza, watu wakawaangalia toka nje ya uzio. Saba kati yao walikufa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Sambo na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa pale pale Tervuren. Sisi tunayaandika majina haya hapa kwa kusudi. Yasome kwa sauti, ndugu. Hayana mikosi.

Tunajua kuna wanaotupinga kwa sababu nzuri. Wanasema: mtoto mdogo asionyeshwe maiti. Tunakubali. Foto ya Nsala si ya kumwonyesha mtoto wa darasa la kwanza, na mwalimu anayeitundika bila kueleza ana kosa. Sisi pia siku ile tulikosa: tuliitundika mlangoni, fasi ambapo hata watoto wachanga walipita, na hakukuwa mtu wa kueleza. Wengine wanasema: foto hizi zilipigwa na wazungu, kwa faida yao. Ni kweli nusu. Bibi Harris na mume wake walizionyesha kwa taa katika makanisa na kumbi za Uingereza na Amerika, na wale mabwana wa Congo Reform Association, chama kilichoanzishwa mwaka wa 1904, wakazitumia kumbana Leopold mpaka akaachia nchi katika mwaka wa 1908. Jina la Bibi Harris likajulikana. Jina la Boali likabaki dogo chini ya foto, kisha likafutika. Ndiyo sababu tunasema: dawa yake si kuificha foto, dawa yake ni kurudisha jina.

Hatari ingine inatoka kwa upande wa pili. Kuna vijana wanaotawanya foto hizi kwa simu kama sinema ya kutisha. Wanaandika chini: « Laana ya Afrika », ao « Wala watu wa Kongo », ao wanabandika foto ya nchi ingine na kusema ni kwetu. Mmoja anageuza foto ukutani, mwingine anaicheza kama mzimu. Wote wawili wanafanya kitu kimoja: wanamnyima marehemu hadisi yake. Na yule mwenye uongo, siku moja, mtu atamwambia: « Kama hii ni ya uongo, basi zote ni za uongo. » Ndipo adui ya ukweli atacheka.

Basi mila inasema nini? Tunajibu kwa mfano mmoja, na kwetu unatosha. Leopold alipobanwa, alituma tume ya uchunguzi, nayo ikafika Baringa mwisho wa mwaka 1904. Wazungu watatu, waamuzi, meza, karatasi. Akaja Lontulu, mkubwa wa Bolima, mtu aliyekwisha kupigwa fimbo na kufungwa minyororo. Hakuwa na foto. Hakuwa na maandishi. Aliweka juu ya meza vijiti 110. Akavigawanya mafungu mane: wakubwa, wanaume, wanawake, watoto. Kisha akachukua kijiti kimoja kimoja, na kwa kila kijiti akataja jina la mtu wake aliyeuawa kwa ajili ya mpira.

Hiyo ndiyo mila, wapapa na wamama! Hata leo, kilio kwetu bila kutaja jina si kilio. Tunataja marehemu, tunataja baba yake, tunataja ukoo. Mfu asiyetajwa ndiye anayesumbua nyumba, wazee ndivyo walivyotufundisha. Kama ile foto ya Nsala inaogopesha, ni juu tunaiangalia bila kulia. Mutaje Boali, mutaje Bonginganoa, na mutaona kwamba woga unageuka kuwa matanga.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na si mambo ya feza. La kwanza: pasiwe na foto ya zamani ukutani, kitabuni ao katika simu bila jina, mahali na mwaka, na kama jina halijulikani, iandikwe hivyo, mtu asitunge. La pili: foto ya mateso ionyeshwe kwa wanafunzi wakubwa tu, mwalimu akisimama kando yake, na kama inawezekana mzee mmoja pamoja naye. La tatu linahusu nyumba zetu wenyewe. Katika masanduku yetu kuna foto za mababu waliovaa kofia za kampuni, za mabibi waliosimama mbele ya misioni. Nyuma ya karatasi hakuna neno. Mwenye kujua yuko bado, amekaa pale kwenye kiti, anakohoa. Chukua kalamu leo, muulize: « Huyu ni nani? » Mficha maradhi, kifo humfichua, na asiyeuliza mzee, ataachiwa karatasi tupu.

Ile foto yetu tuliitoa ukutani jioni ile, tukaipangusa vumbi. Herufi za wanafunzi zilikuwa bado zinasomeka: NSALA WA WALA. Tumeihifadhi darasani. Kila mwaka, wanafunzi wakubwa wanapofika kwenye somo la Bula Matari, tunaileta, tunasimama kando yake, na mwanafunzi mmoja anasoma majina matatu kwa sauti. Hatujaona mzimu hata mmoja.