Bangi Marekani: Halali ya Nani, Haramu kwa Nani?

Imekuwa desturi siku hizi kusikia watu wakitamka kwa yakini kwamba Marekani imehalalisha bangi. Kauli hiyo si kweli, tena ni kauli yenye hatari. Yaliyohalalisha bangi ya starehe ni majimbo 24 kati ya 50, pamoja na mji mkuu. Sheria ya serikali kuu, iliyotiwa saini na Rais Richard Nixon mwaka 1970, ingali inakataza mtu kuwa na bangi kwa ajili ya starehe, na inakataza kila mahali.

Yafaa mambo haya yaeleweke vizuri. Novemba 1996, wapiga kura wa California walikubali bangi itumike kwa matibabu. Novemba 2012, wenzao wa Colorado na wa jimbo la Washington waliamua kwamba mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi aweza kuwa na wakia moja, yaani gramu zipatazo 28. Colorado ilimruhusu pia kupanda miche sita nyumbani. Washington haikumruhusu mtumiaji wa starehe kupanda hata mmoja. Mwaka 2021 Colorado ikapandisha kiwango hadi wakia mbili. Hata hivyo, kuvuta hadharani ni kosa, na kuendesha gari hali umelewa bangi ni kosa. Aidha, mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Colorado iliamua kwamba mwajiri aweza kumfukuza mfanyakazi aliyetumia bangi nyumbani kwake, nje ya saa za kazi.

Mtu akinunua wakia yake dukani katika jimbo la Washington, akapewa na risiti, kisha akavuka mpaka kuingia Idaho, aweza kufungwa hadi mwaka mmoja. Kitendo chenyewe cha kuvuka nayo ni kosa mbele ya serikali kuu. Na mwaka 2005 Mahakama Kuu ya nchi ilithibitisha kwamba ruhusa ya jimbo haiizuii serikali kuu kutekeleza katazo lake.

Watetezi wa utaratibu huu husema kuwa huo ndio uhuru wa majimbo. Hoja hiyo ina uzito wake, kwani wananchi wana haki ya kujiamulia mambo yao. Lakini ni uhuru gani huu ambao faida yake huenda kwa mmoja na adhabu yake kwa mwingine? Mwaka 2018 kampuni ya sigara ya Altria ilitangaza kuweka dola bilioni 1.8 katika kampuni ya bangi ya Kanada. Mwaka huohuo, kwa hesabu za watetezi wa haki za raia nchini humo, Mmarekani mweusi alikuwa katika uwezekano wa kukamatwa kwa kuwa na bangi zaidi ya mara tatu kuliko mweupe, ingawa matumizi yao hayapishani sana. Msamaha wa Rais Joe Biden wa Oktoba 2022 uligusa makosa ya serikali kuu tu. Waliohukumiwa kwa sheria za majimbo, ambao ndio wengi, haukuwafikia.

Anayeumia zaidi kuliko wote ni mhamiaji. Wapo wana wa Afrika Mashariki wengi huko Minnesota, Ohio na Washington, majimbo ambayo yote yameruhusu bangi. Jirani wa mhamiaji huyo akivuta, amestarehe. Yeye akivuta, kisha akakiri mbele ya ofisa wa uhamiaji, aweza kunyimwa uraia hata kama hakuhukumiwa na mahakama yoyote. Mwongozo uliotolewa Aprili 2019 ulikwenda mbali zaidi: hata kuajiriwa katika biashara ya bangi iliyopewa leseni na jimbo kungeweza kumwondolea sifa ya tabia njema inayotakiwa kwa mwombaji.

Wahenga walinena: asiyekuwapo na lake halipo. Mhamiaji hapigi kura, wala hana hisa katika makampuni hayo, lakini ndiye anayelipishwa gharama ya mkanganyiko huo. Jukumu la kuuondoa ni la Bunge la Marekani, nalo limelikwepa kwa miaka mingi. Likatae kwa wote au liruhusu kwa wote. Hadi hapo, mhamiaji na asidanganywe na ubao wa duka: ruhusa ya jimbo si kinga yake.