SAFARI NA FAMILIA: Tangi lijae, dereva alale

Mwezi huu tuzungumze na madereva wetu wa magari ya mizigo, pamoja na walio nyumbani.

Toka Pemba mpaka Palma ni zaidi ya kilomita 300. Tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia, Oktoba 2017, madereva wengi hawataki kulala njiani, na wana sababu. Lakini anayeondoka na robo tangi anajifunga mwenyewe: mafuta yakiisha porini, hachagui tena pa kusimama. Basi jaza tangi jioni, kabla hujalala. Dumu la petroli lisikae ndani pamoja na watu. Mvuke wake hushika moto kwa cheche tu.

Usingizi nao haukopeshwi. Aliyekaa macho saa 17 anaendesha kama mtu aliyekunywa. Kahawa itamshtua kidogo, deni litabaki. Kila baada ya saa mbili asimame penye watu, ashuke, anyooshe miguu.

Akina mama, baba akirudi usiku, msimwamshe alfajiri. Wenye mizigo nanyi, punguzeni simu za "umefika wapi?" Unga ukichelewa siku moja tutakula muhogo. Baba asiporudi, je?

Tukutane mwezi ujao, inshallah.