Seva ya mbali bila mlango wa pili? Usithubutu!

Wengi husema ukiwa na nakala rudufu, anza tu. Mimi sikubaliani. Nakala huokoa data, lakini haikufungulii seva iliyokufungia nje.

Juzi nikiwa Nairobi nilikuwa napandisha seva ya mteja, iliyoko Frankfurt, kutoka Ubuntu 22.04 hadi 24.04. Stima ikapotea! Sikubabaika: do-release-upgrade ilikuwa ndani ya screen, nikarudi nikaikuta ikiendelea. Ukiiendesha kupitia SSH, huanzisha pia SSH ya ziada kwenye poti 1022. Hakikisha ukuta wa moto unairuhusu. Kernel mpya ikikataa kuwaka, hiyo pia haisaidii, ni konsoli tu.

Basi jamani, jaribu konsoli kwanza. Haifunguki? Usianze.