Kazi ya mbali isigeuke kifungo

Kila wiki vijana wa Kindu wanavuka mto Lualaba hadi Alunguli, wanapanda pikipiki na kushika njia ya Kalima, Punia ao Kasongo. Kuna wanaokwenda kuchimba kasiteriti na dhahabu. Kuna wanaokwenda kufundisha, kuuguza wagonjwa, kulinda magodauni ao kupika katika kambi za kampuni. Nyumbani, swali linaloulizwa ni moja tu: atalipwa ngapi? Ni wachache wanaouliza atarudi lini, atazungumza na mke wake kwa njia gani, na nani atamsikiliza siku akichoka.

Maswali hayo matatu yana uzito sawa na mshahara. Lakini katika Maniema, upweke wa kazini unahesabiwa kama jaribu la kumpima mtu. Anayelalamika anaitwa mvivu, na anayerudi kabla ya wakati anapokelewa kama mtu aliyeshindwa maisha. Kwa hiyo wengi wananyamaza. Kimya hicho kinaishia kwenye chupa, kwenye ugomvi, ao kwenye ndoa iliyovunjika bila mtu kueleza sababu.

Katika kambi ya kampuni, maisha yanaongozwa na saa na geti. Mfanyakazi analala chumba kimoja na watu asiowajua. Jioni haruhusiwi kutoka, pombe ni marufuku, mgeni haingii, na anaweza kumaliza wiki nyingi kabla ya kupewa ruhusa ya kwenda kuona watoto. Kwenye machimbo ya mikono hakuna geti, lakini kuna PDG, yaani mwenye shimo, na neno lake ndilo sheria. Mwalimu aliyetumwa kijijini hana geti wala PDG, ila anaweza kutembea mwendo mrefu kutafuta rezo ili asikie sauti ya mama yake.

Ni lazima kusema ukweli: si kila kanuni kali ni ya uonevu. Mwezi wa Machi 2017, watu wenye silaha waliteka nyara wafanyakazi watano wa mgodi wa dhahabu wa Namoya, katika wilaya ya Kabambare. Kati yao kulikuwa Mfaransa mmoja na Mtanzania mmoja, na walikaa wiki nyingi mikononi mwa watekaji. Mwaka 2019 kampuni ya Banro ya Kanada ilisimamisha kazi Namoya kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Mahali kama hapo, shefu anayekataza watu kutembea usiku anaokoa maisha. Vilevile anayekataza pombe karibu na mashine na baruti ana haki.

Tatizo ni zile kanuni ambazo hazilindi mtu yeyote. Kumnyima mfanyakazi simu hata saa za kupumzika hakuzuii shambulio. Kumshikia kadi yake ya uchaguzi ili asiondoke hakuongezi usalama. Kumjibu aliyefiwa kwamba kazi haiwezi kusimama kwa ajili ya matanga ni kumwambia kwamba amekwisha kuacha kuwa mtoto wa watu. Kila kanuni ya kambi ingepaswa kupimwa kwa swali moja: inamlinda nani, na dhidi ya nini? Ikikosa jibu, iondolewe.

Waajiri wanaosema kwamba mambo ya familia si kazi yao wangeangalia historia ya nchi hii. Union Minière ya Katanga, katika miaka yake ya kwanza, ilichukua wanaume peke yao kwa mikataba mifupi, wengine wakitoka mbali, hata Maniema na Lomami. Waliugua, wakafa, wakatoroka, na kila mara ilibidi kutafuta wengine na kuwafundisha upya. Kuanzia karibu mwaka 1928 kampuni ilibadili mpango: mikataba ya miaka 3, nyumba za familia, shule na hospitali. Haikufanya hivyo kwa huruma, na kambi zake zilibaki na udhibiti mkali sana. Ilipiga hesabu tu, ikaona kwamba mtu aliyetengwa na watu wake hadumu kazini. Ikiwa kampuni ya kikoloni iliyowaza shaba tu iliweza kuona hivyo, mwajiri wa leo hana sababu ya kutoona.

Hata Kalima, mji wa bati, ulikua ukiwa na nyumba za wafanyakazi, hospitali na shule, wakati wa Symétain na baadaye Sominki iliyoundwa mwaka 1976. Bei ya bati ilipoanguka mwaka 1985, maisha hayo yalianza kubomoka. Leo kijana anayekwenda machimboni anakwenda peke yake, na akipatwa na shida, shida ni yake mwenyewe.

Sheria haikumsahau. Kanuni ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa mfanyakazi mtu mzima angalau siku moja ya konji kwa kila mwezi aliofanya kazi. Inampa siku 2 mke wake akijifungua, na siku 4 akifiwa na mke ao mzazi ao mtoto. Lakini sheria hiyo, ikisomwa kutoka Punia, ina shimo kubwa. Wakati wa mvua, pikipiki inaweza kukwama kwenye matope hadi siku zote 4 zikaishia njiani. Mtu anafika Kindu akikuta mazishi yamekwisha, na shefu tayari anamhesabia utoro. Kwa hiyo mkataba useme wazi, kabla mtu hajavuka mto, siku za njia zinahesabiwa namna gani na nani analipa safari.

Kwa wachimbaji wa mikono hali ni ngumu zaidi, maana wengi hawana mkataba ulioandikwa. Geti lao ni deni. PDG anatoa chakula, buti na dawa kwa mkopo, na shimo likikosa mawe, deni linakua. Kijana anayetaka kurudi nyumbani anaambiwa alipe kwanza. Vyama vya ushirika vya wachimbaji, ambavyo vinatambuliwa na sheria, vingeweza kuanza na jambo dogo: kila deni liandikwe kwenye daftari mbele ya shahidi, na mtu asizuiwe kwenda kumuuguza mzazi wake kwa sababu ya gunia la mchele.

Mfanyakazi mwenyewe pia ana sehemu yake. Wanaostahimili maisha ya mbali mara nyingi ni wale waliojitafutia watu mapema: likelemba ya watu kumi, kwaya, msikiti, timu ya mpira, kikundi kinachokusanyika kwenye redio moja AS Maniema Union ikicheza. Likelemba haileti feza tu. Ikifika siku ya kuchanga na mmoja hakuonekana, wenzake watamtafuta. Kupanga siku moja ya juma kwa ajili ya kupiga simu nyumbani, kwa saa inayojulikana, kunasaidia kuliko kungojea mpaka mayuniti yapatikane. Na asiyelala usiku kwa majuma, ao anayekunywa ili asifikiri, amwambie muuguzi kama vile angemwambia homa.

Familia zilizobaki Kindu nazo zijichunguze. Kuna mtu ambaye simu yake hailii ila kwa kuombwa feza za shule, za dawa, za nyumba. Siku asipokuwa na kitu, anazima simu kwa haya, na upweke unaongezeka. Kumuuliza kwanza amelala namna gani, amekula nini, hakugharimu franka hata moja zaidi.

Kinachobaki ni cha wakubwa. Wakaguzi wa kazi wa jimbo wafike kwenye kambi zenyewe na waongee na wafanyakazi bila shefu kuwa karibu. Kampuni zibandike kanuni zao mahali wote wanaposoma, kwa Kiswahili, pamoja na sababu ya kila kanuni na jina la mtu wa kupokea malalamiko. Na wazazi wanaomsindikiza mtoto hadi kwenye pirogi waulize mambo matatu kabla ya kuuliza mshahara: utarudi lini, utatupata kwa njia gani, nani atakusikiliza. Kazi isiyo na jibu kwa maswali hayo ifikiriwe mara mbili, hata kama inalipa vizuri.